Umeambiwa una kansa ya utumbo mpana: pa kuanzia, na kwanini ndugu zako wa damu nao wanahusika

Kama unasoma hii pengine jana au juzi dokta amekutamkia lile neno na tangu hapo usingizi hauji. Pole sana. Mi nilikaa kwenye kiti hicho hicho nikiwa na miaka 39 na kitu pekee nilichosikia siku ile ni "kansa", mengine yote yakapita juu kwa juu, nikatoka pale sijui hata kama nilimuaga. Nimeyapanga haya maelezo kwa namna ambayo ningependa mtu angenipangia mimi wakati ule.

Na nianze na kosa langu kubwa. Miezi mitano mizima nilidhani huu ugonjwa ni wangu peke yangu. Nikapasuliwa, nikaanza kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa, nikawa napambana na mwili wangu, hakuna aliyeniuliza kwenye ukoo wenu nani mwingine amewahi kuumwa kansa na mi mwenyewe sikuwaza kabisa. Kumbe shangazi yangu alitolewa kizazi kwa kansa akiwa na 46, babu alikufa "na tumbo" kabla sijazaliwa, na mdogo wangu wa kiume alikuwa anaona damu chooni mwaka mzima anajiambia ni bawasiri. Kwahiyo utaniona narudia rudia jambo hili, kwamba majibu yako wewe yanawahusu na watu wa damu yako, na kuna swali moja la kumuuliza dokta mapema ambalo linafungua mlango wote huo. Nitafika.

Siku za kwanza

Vuta pumzi kwanza. Kansa nyingi za utumbo mpana zinaanza kama kinyama kidogo, polipu, kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na kutoka kinyama mpaka kansa kwa kawaida inapita miaka mingi, mara nyingi kama 10. Sikwambii hivyo ili upuuzie, nakwambia kwasababu wiki mbili tatu za kufanya vipimo vizuri na kupanga matibabu sio muda uliopotea, usikubali hofu ikusukume uingie chumba cha upasuaji kesho asubuhi kabla hujajua chochote. Ila kuna hali hazisubiri. Tumbo likivimba na kukaza, ukawa unatapika na huwezi kupata choo wala kutoa hewa, hiyo inaweza kuwa utumbo umeziba, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Hivyo hivyo kwa damu nyingi isiyokoma au maumivu makali ya ghafla.

Usiende miadi peke yako. Chukua mtu mtulivu, na sio lazima awe yule anayekupenda kuliko wote maana huyo naye atakuwa analia, chukua yule anayeweza kuandika. Muombe dokta ruhusa ya kurekodi kwenye simu, wengi hawakatai. Nunua daftari moja tu la ugonjwa, kila kitu kiingie humo, tarehe, jina la dawa, nani kasema nini. Mi nilikuwa naandika kwenye vikaratasi na siku nilipohitaji tarehe ya CT skani ya kwanza sikukipata hata kimoja.

Kuhusu kusoma mitandaoni, najua utasoma, umeshasoma. Basi jua hivi: zile namba za watu waliofikisha miaka 5 zinatokana na watu waliotibiwa miaka ya nyuma, wengine kabla hata ya dawa ambazo wewe unaweza kupewa leo, na hazina maana yoyote kwako mpaka ujue steji yako. Kwa takwimu za Marekani, ikikutwa bado iko kwenye utumbo tu haijasambaa ni karibu watu 90 kati ya 100 wanafikisha miaka 5, ikiwa imefika kwenye tezi za jirani ni 70 na kitu, ikiwa imefika mbali ni kama 15. Unaona tofauti ilivyo kubwa, sasa kujisomea namba za steji ya nne wakati hata skani hujafanya ni kujitesa bure. Na hata hiyo ya nne, wapo ambao kansa imefika kwenye ini sehemu chache ikakatwa na wakapona.

Karatasi zako ni zako

Omba kopi ya kila kitu. Ripoti ya kolonoskopi (ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana), ripoti ya bayopsi (kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa maabara), CT skani ya kifua na tumbo, kipimo cha damu kinaitwa CEA. Kama uvimbe uko kwenye rektamu, ile sehemu ya mwisho karibu na njia ya haja kubwa, unatakiwa pia MRI ya nyonga, na hapa uwe macho kwasababu kansa ya rektamu haitibiwi sawa na ya sehemu nyingine za utumbo mpana, mara nyingi mionzi na kemo vinatangulia ndio upasuaji ufuate. Ukiambiwa una uvimbe wa rektamu na unapelekwa moja kwa moja kwenye kisu, uliza kwanini. Inaweza kuwa kuna sababu nzuri, ila uliza.

Kwenye bayopsi utakuta neno adenokasinoma, usishtuke, ndio aina ya kawaida kabisa ya kansa hii. Steji yenyewe inatokana na herufi tatu, T ni imezama kiasi gani kwenye ukuta wa utumbo, N ni tezi za limfu zimeguswa ngapi, M ni kama imefika viungo vya mbali. Steji kamili mara nyingi inajulikana baada ya upasuaji, pale mtaalamu wa patholojia anapohesabu tezi zilizotolewa, na anatakiwa apate angalau 12 za kuangalia. Ukiona ripoti imeandika tezi 4 au 5, hilo ni la kuzungumza na dokta.

Swali jingine ambalo watu hawaulizi: je kolonoskopi ilifika mwisho wa utumbo mpana au uvimbe uliziba njia ikaishia hapo? Kama iliishia njiani basi kuna sehemu ya utumbo haijaonwa na mtu, na inatakiwa ionwe, kawaida ndani ya miezi 3 mpaka 6 baada ya upasuaji. Mtu anaweza kuwa na kinyama kingine huko ndani.

Lile swali lenyewe

Haya, andika hili kwenye daftari kwa herufi kubwa: UVIMBE WANGU UMEPIMWA MMR AU MSI?

Nieleze kwa lugha ya kawaida. Kila seli ikigawanyika inanakili maelekezo yake yote, na kwenye kunakili makosa hutokea. Mwili una protini nne kubwa ambazo kazi yake ni kama ya mtu anayepitia nakala na kusahihisha, zinaitwa MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, na kazi hiyo ya kusahihisha ndio inaitwa MMR. Moja ikikosekana makosa yanalundikana na kansa inapata nafasi. Maabara wanachukua kile kile kipande cha uvimbe wako walichokata kwenye bayopsi wanakipaka rangi maalumu kuangalia kama hizo protini zote zipo. Hauchomwi tena, haukatwi tena, kipande kinahifadhiwa kwenye nta kwahiyo hata kama ulipasuliwa miezi iliyopita bado kinaweza kutolewa kikapimwa. MSI ni njia nyingine ya kuangalia tatizo hilo hilo.

Siku hizi miongozo mingi inataka kila kansa ya utumbo mpana ipimwe hivi, ya kijana au ya mzee, yenye historia ya familia au isiyo nayo. Lakini kinachoandikwa kwenye miongozo na kinachofanyika sio kitu kimoja, uvimbe wangu mimi haukupimwa mpaka nilipouliza mwenyewe.

Kati ya kansa 100 za utumbo mpana, kama 15 hivi zitaonyesha kuna protini imepotea. Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, wanadhani tayari wana ugonjwa wa kurithi. Hapana. Wengi wa hao, hasa watu wazima wa umri mkubwa waliopoteza MLH1, jeni yao, yaani maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, ilizimika yenyewe ndani ya uvimbe tu na haijatoka kwa mzazi wala haitaenda kwa mtoto. Maabara wana kipimo cha kutofautisha, wanaangalia kitu kinaitwa BRAF au methilesheni ya MLH1, vikionekana ni dalili kwamba jeni ilizimika ndani ya uvimbe tu. Wanaobaki, kama 3 kati ya ile 100 ya mwanzo, ndio wenye sindromu ya Lynch, yaani wamezaliwa na hitilafu kwenye moja ya jeni hizo. Hao wanathibitishwa kwa kupima damu au mate.

Na usidhani jibu la MMR ni la ndugu tu, linabadilisha matibabu yako wewe mwenyewe. Mtu wa steji ya pili ambaye protini imepotea mara nyingi hana faida na kemo ya fluorourasili peke yake, kwahiyo anaweza kuepushwa na mateso ya bure. Kansa iliyosambaa yenye hali hii inajibu vizuri dawa za kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumabu ilipitishwa Marekani mwaka 2020 kama dawa ya kuanzia kwa watu hao. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mdogo wa kansa ya rektamu yenye hali hiyo hiyo, wagonjwa 12 wa kwanza waliomaliza dostarlimabu, nayo ni dawa ya kuamsha kinga, uvimbe ulipotea kwa wote 12 bila kisu wala mionzi. Ni wachache, na dawa hizi hazipatikani kila mahali na ni ghali, lakini unaona kwanini nasisitiza swali liulizwe KABLA ya matibabu kuanza. Pia daktari wa upasuaji akijua una Lynch anaweza kuzungumza nawe kuhusu kukata sehemu kubwa zaidi ya utumbo kwasababu uwezekano wa kansa nyingine kuota baadaye ni mkubwa. Hiyo ni bora mjadili kabla hujalala mezani.

Kufuatilia ukoo

Kuna kisa nakipenda. Mwaka 1895 mwanamke mmoja mshona nguo kule Michigan, Marekani, alimwambia profesa wa patholojia aitwaye Aldred Warthin kwamba yeye atakufa kwa kansa, kwasababu kwao wote wanakufa hivyo, za tumbo na za kizazi. Profesa hakumpuuza, akaanza kuchora ukoo wa yule mama, mwaka 1913 akachapisha alichokiona. Na yule mama kweli alikufa kwa kansa ya mji wa mimba. Miaka ya 1960 daktari Henry Lynch akaiendeleza kazi hiyo na ndio maana hali hii ikabeba jina lake. Mi nikisoma kile kisa namuona huyo mama zaidi kuliko maprofesa, hakuwa na maabara, alikuwa tu anawahesabu watu wake waliokufa.

Sasa we fanya kazi yake. Chukua ukurasa mzima, chora wewe katikati, juu baba na mama, pembeni ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja na wa mama mmoja weka wote, juu yao babu na bibi pande zote mbili, pembeni shangazi, baba wakubwa na wadogo, wajomba, mama wakubwa na wadogo, halafu watoto wao. Upande wa baba na wa mama usiuchanganye, unataka kuona upande mmoja unasemaje. Kila mtu andika vitu vitatu, kansa ya wapi, aligundulika akiwa na miaka mingapi (sio alikufa na mingapi, watu wanakosea sana hapa), na kama bado yupo.

Tatizo ni kwamba wazee hawasemi kansa. Watasema alikuwa na uvimbe, alikauka damu, alikonda tu ghafla, alisumbuliwa na tumbo muda mrefu, alitolewa kizazi. Kwahiyo usiulize "nani aliumwa kansa", utaambiwa hakuna. Uliza, "Bibi, marehemu mjomba alianza kuumwaje? Alipasuliwa? Alikuwa anatoa damu? Wakati ule alikuwa ameshaoa?" Hilo la mwisho linakusaidia kukadiria umri. Tafuta yule mama mdogo mmoja kwenye ukoo anayekumbuka kila msiba, kila ukoo anaye, kaa naye mchana mmoja na daftari lako uache aongee.

Na usiandike kansa za utumbo tu. Lynch inaleta pia kansa ya mji wa mimba, ovari, tumbo lenyewe, utumbo mwembamba, mirija ya mkojo inayotoka kwenye figo, njia za nyongo. Angalizo: mji wa mimba sio shingo ya kizazi. Watu wengi wakisema "kansa ya kizazi" wanamaanisha ile ya shingo, ambayo inaletwa na kirusi na haihusiani na hii. Ukiweza pata karatasi za hospitali ujue ilikuwa ipi.

Dalili za kukufanya ushtuke: watu watatu wenye kansa hizo upande mmoja, vizazi viwili vinafuatana, na angalau mmoja aligundulika kabla ya miaka 50. Pia wewe mwenyewe kugundulika chini ya 50, au mtu mmoja kupata kansa mbili tofauti. Lakini ukoo mdogo, au ukoo ambao watu walikufa mapema kwa mambo mengine, hauwezi kukuonyesha picha, na ndio maana kipimo cha uvimbe kinahitajika hata kama daftari lako liko tupu.

Kuna nyingine za kurithi nizitaje haraka. FAP ni hitilafu ya jeni ya APC, utumbo unajaa vinyama mamia mpaka maelfu kuanzia ujana na visiposhughulikiwa kansa ni karibu hakika, ndio maana watoto wa familia hizo wanaanza kuangaliwa wakiwa na kama miaka 10 mpaka 12. Na kama mtu 1 kati ya 4 wa FAP ni wa kwanza kwao, hakuirithi kwa mtu. Nyingine ni ya MUTYH, hii inahitaji upokee hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, kwahiyo wazazi wanaweza kuwa wazima kabisa na watoto kadhaa wakaumwa. Kama ripoti yako ya kolonoskopi inasema vinyama 10 au zaidi, uliza kuhusu hizi mbili.

Kipimo cha jeni, nani aanze

Wewe mgonjwa ndio unatakiwa kuanza, sio mtoto wako, sio mdogo wako aliye mzima. Sababu ni hii: wakikuta hitilafu kwako, ndugu wanapimwa hiyo hiyo moja tu, jibu lao linakuwa wazi, ipo au haipo, na asiyekuwa nayo anarudi kwenye hatari ya kawaida kama mtu mwingine yeyote. Lakini akianza mzima akaambiwa hakuna kitu, hatujui kama amepona rungu la ukoo au kipimo hakikuweza kuona.

Majibu yanakuja ya aina tatu, ipo, haipo, na ile ya kati inayosumbua, kwamba wameona badiliko lakini maana yake haijajulikana. Hiyo ya tatu usiifanyie maamuzi makubwa, usitoe kiungo kwa ajili yake wala usiwapime ndugu kwa ajili yake, muulize mtaalamu wa jeni kila baada ya muda kama imepata tafsiri. Na kabla ya ndugu wazima kupima, waulize sheria za nchi wanayoishi zinasemaje kuhusu bima ya maisha, sehemu nyingine kampuni inaruhusiwa kukuuliza majibu ya jeni. Ni bora wajue hilo kabla.

Kuwaambia

Hii ndio sehemu iliyonishinda zaidi. Kama ni Lynch, kila mtoto wako na kila ndugu yako wa baba na mama ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, wa kiume sawa na wa kike, na hairuki kizazi, asiyekuwa nayo hawezi kuipitisha kwa watoto wake. Unawaambiaje watu kitu kama hicho wakati wewe mwenyewe unatapika?

Mi nilichofanya ni kuandika meseji moja fupi nikaituma kwa mmoja mmoja, sio kwenye grupu la familia, maana kwenye grupu mmoja akianza kusema hayo mambo hayapo basi wote wanafuata. Niliandika hivi, chukua ubadilishe upendavyo:

"Dada shikamoo. Natumaini uko salama. Ile kansa yangu wamegundua ni ya aina inayotembea kwenye damu ya familia. Haimaanishi na wewe unayo, inaweza kuwa ndio au hapana. Habari nzuri ni kwamba kuna kipimo, na mwenye nayo akiangaliwa mapema vinyama vinatolewa kabla havijawa kansa. Nimekuwekea kopi ya majibu yangu, nenda nayo kwa dokta wako. Ukiwa tayari tuongee, sikulazimishi."

Ile kopi ya majibu ni muhimu kuliko maneno yote, dokta akiona jina la jeni na hitilafu yenyewe hawezi kumrudisha mtu nyumbani na dawa za minyoo.

Wapo watakaokataa. Mmoja kwetu mpaka leo hataki. Nilimlaumu, nikamnunia, haikusaidia kitu. Sasa namkumbusha mara moja kwa mwaka na kumwambia dalili za kuangalia, damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukosa damu mwilini bila sababu, kukonda. Ana haki ya kutotaka kujua. Watoto wadogo nao kwa Lynch kawaida hawapimwi mpaka wafike utu uzima waamue wenyewe.

Wanaokubali wataangaliwa hivi. Mwenye hitilafu ya MLH1 au MSH2 anaanza kolonoskopi akiwa na miaka 20 mpaka 25, wa MSH6 au PMS2 anaweza kuanza 30 mpaka 35, na inarudiwa kila mwaka 1 au 2, kwasababu kwa Lynch kinyama kinageuka kansa haraka sana, kile kipindi cha miaka 10 nilichokisema juu hakiwahusu. Wanawake wazungumze na dokta wao kuhusu kizazi na ovari, damu isiyo ya kawaida isisubiri, na wakimaliza kuzaa kuna mjadala wa kuvitoa kabisa. Kuna na aspirini, utafiti wa CAPP2 ulioongozwa na John Burn wa Uingereza ulifuata watu 861 wenye Lynch, na wale kati yao waliotumia mg 600 kwa siku kwa wastani wa miaka miwili na kidogo wakaja kupata kansa ya utumbo mpana wachache zaidi miaka iliyofuata. Lakini aspirini inavujisha damu tumboni, asianze mtu bila dokta.

Na hata kama jeni haikukutwa kabisa, watoto na ndugu zako wa tumbo moja bado wana hatari iliyopanda kidogo kwasababu tu wewe umeumwa. Kanuni inayotumika sana ni waanze kolonoskopi wakiwa na 40 au miaka 10 kabla ya umri uliogundulika wewe, inayotangulia. Kwa mfano aliyegundulika na 39 kama mimi lakini jeni haikukutwa, wa kwake wanaanza 29.

Matibabu, mambo machache ambayo husikii mpaka uchelewe

Kama bado unataka watoto, sema kabla ya kemo au mionzi. Mwanaume anaweza kuhifadhi mbegu ndani ya siku chache tu. Mionzi ya nyonga inaweza kumkomesha mwanamke hedhi moja kwa moja, kwahiyo mazungumzo hayo yafanyike mapema sana.

Kama kuna uwezekano wa kuwekewa mfuko wa choo, omba nesi wa stoma, yaani lile tundu la tumboni choo kinapotokea, akuone kabla ya upasuaji akuwekee alama tumboni ukiwa umesimama, umekaa na umeinama. Stoma ikiwekwa kwenye mkunjo wa ngozi mfuko utavuja kila siku. Uliza pia kama ni ya muda au ya kudumu, nyingi ni za muda.

Kabla ya fluorourasili au kapesitabini uliza kuhusu kipimo cha DPD, kuna watu wachache miili yao haiwezi kuvunja hizo dawa na dozi ya kawaida inaweza kuwaua. Ukiwa kwenye kemo na homa ikafika 38, usimeze dawa ulale, nenda hospitali, kinga iko chini. Oksaliplatini, dawa nyingine ya kemo, inafanya ukishika kitu cha baridi unahisi umeshika umeme, na ganzi ya vidole inaweza kubaki miaka, kwahiyo ganzi ikianza kukuzuia kufunga vifungo vya shati sema, usijikaze, dozi inaweza kupunguzwa. Mi nilijikaza. Vidole vya miguu mpaka leo havina habari na mimi.

Dawa za mitishamba na vidonge vya lishe, sikwambii utupe, nakwambia mtajie dokta kila unachomeza maana vingine vinagongana na kemo.

Kichwani

Kuna hatia inakuja ambayo sikuitegemea. Unamwangalia mtoto analala unajiuliza nimempa nini. Nilikaa na hilo muda mrefu bila kumwambia mtu, mpaka mshauri mmoja wa mambo ya jeni akaniuliza, baba yako alikupa wewe hitilafu hii, unamlaumu? Nikasema hapana, hakujua. Akanyamaza tu.

Watoto waambie ukweli kwa kipimo chao. Wadogo wanataka kujua vitu vitatu, ugonjwa unaitwaje, kama wameusababisha wao, na nani atawapeleka shule. Ukificha watajua kuna kitu na watabuni kibaya zaidi.

Ukiona wiki mbili zinapita hutaki kula, hutaki kuongea, kila kitu hakina ladha, mwambie dokta, hiyo nayo inatibika. Na yakija mawazo ya kutotaka kuishi, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usisubiri miadi.

Ukimaliza matibabu CEA itapimwa kila miezi 3 mpaka 6 kwa miaka miwili ya mwanzo halafu inapungua, CT itarudiwa, kolonoskopi ni mwaka mmoja baada ya upasuaji. Wiki ya kusubiri majibu ni ngumu kila mara, mi huwa napanga kitu cha kufanya na mikono siku hizo.

Mdogo wangu, yule wa bawasiri, alienda na kopi yangu mkononi akiwa na miaka 34. Walimkuta na vinyama viwili, kimoja kilikuwa kimeshaanza kubadilika, vikatolewa hapo hapo kwenye kolonoskopi akarudi nyumbani jioni. Ana hitilafu ile ile yangu. Anarudi kila mwaka sasa, na tumeweka miadi yetu wiki moja ili ile dawa ya kusafisha tumbo tuinywe siku moja.